Mshono Nilioufumua Ukingoni mwa Bonde

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi kwa saa za Kenya, niliona uzi wa shati mahali ambapo haukupaswa kuwepo. Saa yangu ya mkononi, ambayo sikuigeuza safari nzima, ilisema saa tatu na dakika kumi na mbili za Bujumbura.

Rafiki yangu alikuwa amekwisha kufungwa mikanda. Alisimama kama mita kumi kutoka ukingoni mwa bonde, kofia ngumu kichwani, jinzi mpya mwilini, akicheka peke yake. Nyuma yake rubani alikuwa anatandaza majanini mwavuli mkubwa wa rangi ya chungwa ambao ungewachukua wote wawili hewani, rubani nyuma na abiria mbele, kila mmoja ndani ya kiti chake cha mikanda. Chini ya ukingo hapakuwa na kitu kwa mamia ya mita. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu. Nilimsogelea kumpiga picha, nikainama kutafuta mwanga mzuri, na jicho langu likatua kwenye mkanda wa paja lake la kulia, pale unapoungana na kiti. Mkanda ule ulikuwa wa kiwandani. Mshono haukuwa wa kiwandani.

Jicho langu ni la kazi. Ninashona maturubai ya malori, ambayo Bujumbura tunayaita bashi. Karakana yangu iko Zone Industrielle, nyuma ya maghala, mahali ambapo malori hungoja mizigo ya bandarini, na miaka hii hungoja mafuta zaidi kuliko mizigo. Kazi hii hakuna aliyenifundisha. Zamani nilikuwa nashona sare za wanafunzi mtaani Bwiza, mlango kwa mlango na huyu rafiki yangu, ambaye tayari alikuwa na kabare yake ya bia na mishikaki. Siku moja dereva mmoja aliniletea bashi lililochanika, kwa mzaha, ili wenzake wacheke. Nilimwambia aniachie hadi kesho. Nililifumua tundu kwa tundu, nikachora kwenye daftari kila safu ya mshono ilivyokwenda na ilivyorudi, kisha nikalishona upya. Nilivunja sindano nne.

"Bashi si kazi ya muke," mafundi wa depo ya malori waliniambia. "Mukono itavunjika."

Mkono haukuvunjika. Nilinunua mashine nzito iliyokuwa imetupwa, na kitabu chake cha maelezo cha Kifaransa nilikisoma kwa kamusi kwa miezi kumi na minne. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo sikuwa na haraka ya kumaliza kitabu kabla ya kukielewa.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba uzi hufa kabla ya kitambaa. Jua huula kwanza. Kwa macho unaonekana mzima, lakini ukiukwangua kwa ukucha, uzi hai haukupi kitu, na uzi uliokufa hukupa unga. La pili nililijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili niliishiwa na uzi mnene, dereva ananisimamia kichwani, nikashona pembe ya bashi kwa uzi wa sare za shule, nikaupitisha mara tatu ili ukae imara. Ulikaa imara kweli, mpaka milima ya Bugarama. Huko upepo ulilifungua bashi lote na mvua ikanyesha juu ya magunia ya kahawa. Uzi mwembamba ukirudiwa mara tatu haugeuki kuwa uzi mnene. Unakuwa nyuzi tatu nyembamba, na nyuzi hizo hukatika kwa zamu.

Basi, pale ukingoni, nilichokiona kwenye mkanda wa rafiki yangu ni kosa langu lile lile, lenye safu tatu.

Tulikuwa tumekwenda Kenya kununua vitu. Mimi nilitaka roli za turubai na uzi, yeye alitaka glasi na mashine ya kusaga matunda. Wazo la kuruka lilikuwa lake. Aliona video kwenye simu, wanawake wa umri wetu wakielea angani kama majani makavu, akanifuata mpaka karakana.

"We dada, tuko na miaka makumi tano. Tumeruka nini? Tumeruka mitaro ya Bwiza wakati ya mvua, basi."

Sikuhitaji kusukumwa. Mimi nilikuwa na hamu hiyo kabla yake, ila sikuwa nimeisema. Kaka yangu alipopata habari, alikuja nyumbani Kanyosha akiwa amevaa koti, jambo ambalo hulifanya kwa misiba na ndoa tu.

"Mama muzima, unaenda kujitupa ku mulima? Watu watasema hatukukulea."

"Waambie nilijilea," nilimjibu.

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa kila kitu. Nilisoma kuhusu upepo, kuhusu miavuli, kuhusu mizigo inayobebwa na kila kamba. Niliandika maswali ishirini na sita. Rafiki yangu aliyaona ndani ya basi akaniuliza kama nakwenda kuruka au nakwenda kufanya mtihani wa taifa.

Pale ukingoni walitupa fomu ya kutia sahihi. Rubani alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi, mpole, mwenye mikono ya mtu anayefanya kazi. Hakuwa tapeli, na nataka ieleweke hivyo.

"Mama, hiyo watu husoma dakika moja," alisema.

Mimi niliisoma kwa dakika kumi na tisa. Kisha nikakagua kiti changu kwa ukucha, mshono mmoja baada ya mwingine, wakati yeye na msaidizi wake wakitazamana. Kiti changu kilikuwa kizima na nilikisifu. Cha rafiki yangu sikukikagua, kwa sababu alikivaa akiwa mbali nami, na kwa sababu, niseme ukweli, nilikuwa nafikiria zamu yangu.

Sasa nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Nilikwangua mshono wa kulia, ukucha ukatoka na unga mweupe. Nilikwangua wa kushoto. Nao pia ulikuwa umerudishiwa kwa uzi ule ule, nao ukatoa unga.

"Ni nini unatafuta ku miguu yangu?" rafiki yangu aliuliza. "Piga picha."

"Usisogee. Hii mukanda imeshonwa na uzi ya shati."

Rubani alikuja. Nilimwonyesha. Hakukana.

"Ndiyo, hapo nilirudishia mwaka jana. Ulikuwa umeanza kulegea. Nilipeleka kwa fundi, akapitisha mara tatu."

"Fundi wa nini?"

"Fundi wa nguo, pale sokoni. Mzuri sana."

"Ameshona vizuri," nilisema. "Ameshona suruali."

Aliudhika kidogo, lakini hakupandisha sauti. Alisema kiti kile kimeruka mwaka mzima tangu siku hiyo. Nilimwambia ndiyo sababu: ni mwaka mzima juani. Akaamua kunionyesha. Alimshika rafiki yangu kwa mikanda ya mabegani, msaidizi akashika upande wa pili, wakamwinua kutoka ardhini, na mikanda ya mapajani ikambeba. Alining'inia pale akipiga teke hewani kwa furaha.

"Umeona?" alipiga kelele. "Inashika! Mi ni muzito, na inashika!"

Nilimwomba rubani atumie kiti kingine kwa ajili yake. Kikubwa kilikuwa hicho kimoja tu. Nikasema basi avae changu, mimi nibaki chini. Tulijaribu. Bizimu hazikufika, zilibaki na pengo la kiganja kizima, na msaidizi akageuka upande ili asionekane anacheka. Rafiki yangu hakucheka. Alivaa tena kile cha kwanza, akafunga mwenyewe, akanitazama kwa namna ambayo katika miaka zaidi ya ishirini hakuwahi kunitazama.

"Sema tu unaogopa," aliniambia. "Kuogopa si zambi. Lakini usinifungie njia."

"Siogopi. Hiyo mishono imekufa."

"Miaka yote we ndiye unajua. Bwiza unajua, Kanyosha unajua, na hapa kwa wenyewe unajua. Leo mi naruka. Nimeisha waambia watu wote ya kabare. Kama nakufa, nikufe nikiruka. Toka mbele yangu, dada."

Rubani alisema, kwa upole, kwamba upepo ni mzuri sasa na hautangoja. Akaanza kuunganisha kiti chake na mwavuli. Nilihesabu: pete mbili za chuma, kisha kiti cha rafiki yangu, kisha hatua sita au saba za kukimbia. Nilikuwa nimesema kila neno nililokuwa nalo. Nilikuwa nimewaonyesha unga kwenye ukucha, na waliuona kama uchafu wa ukucha. Mtu ambaye hajawahi kufumua kitu haoni mshono. Anaona kitu kimoja kilichoungana.

Ndani ya pochi nilikuwa na wembe. Fundi wa bashi huwa nao hata msibani. Sikuuficha. Nilipiga magoti mbele yake mchana kweupe, nikashika mkanda wa kulia juu ya bizimu, nikaupeleka mbali na paja lake, nikapitisha ncha ya wembe chini ya safu ya kwanza na kuvuta. Safu zote tatu zilifumuka kabla rubani hajamaliza kusema, "Mama, unafanya nini?" Mshono wa kiwandani wa aina ile ungenichukua nusu saa na ungenilia nyembe tatu. Mkanda ulianguka majanini.

Rafiki yangu alinisukuma kwa mikono miwili. Nilikaa chini. Alivua kofia akaitupa, na kofia ikabiringika kuelekea ukingoni mpaka msaidizi akaikimbilia.

"Umenikatia mukanda! Umenikatia!"

"Sikukata. Nimefumua."

"Ni sawa!"

Si sawa, na niliendelea kusema si sawa wakati analia, jambo ambalo nakubali halikusaidia. Rubani alikaa juu ya jiwe akashika kichwa. Aliniambia kwamba katika kazi yake ameona watu wakitapika, wakizimia, wakimwita mama yao, lakini hajawahi kuona abiria akiharibu chombo. Nilimwambia anitajie bei ya kiti. Akasema dola mia tatu na hamsini. Mimi ni mtu wa Bwiza. Sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, hata ya sanda ya mama yangu. Siku ile nililipa bei ya kwanza. Sikutaka aseme baadaye kwamba nilipunguza bei kwa sababu nilijua nina kosa.

"Na sasa ni changu," nilisema. "Nakwenda nacho."

"Wapi?"

"Bujumbura."

Pesa za safari zetu mbili za angani hazikurudishwa. Kifungu cha saba cha ile fomu kilisema hivyo, na nilikuwa nimekisoma mara mbili. Nilimuuliza kama mimi bado naweza kuruka, kwa kuwa kiti changu kilikuwa kizima na nimekilipia. Rubani alitikisa kichwa.

"Wewe sikubebi, mama. Utanifumua angani."

Hilo ndilo neno pekee la siku ile lililomchekesha rafiki yangu, na alicheka huku akifuta machozi, akiangalia upande mwingine.

Kutoka pale hadi nyumbani, kupitia Tanzania, ni siku mbili na nusu. Ndani ya basi aliketi safu tano mbele yangu. Mpakani askari wa forodha alifungua mfuko wangu, akainua kiti kwa mikanda yake na kukizungusha.

"Hii ni nini?"

"Kiti."

"Miguu yake iko wapi?"

Nilimwambia ni kiti cha kukalia hewani, akaniruhusu kupita haraka kuliko roli zangu za turubai.

Habari ilifika Bwiza kwa simu kabla yangu. Ilifika ikiwa imebadilika: kwamba nilifika ukingoni nikatetemeka, na kwamba kwa wivu nikamkatia mwenzangu mikanda. Wateja wa kabare walianza kunyanyua mikono kama mabawa nikipita. Mmoja alinunua wembe dukani akaniletea kwa heshima, kwa mikono miwili. Niliupokea, nao ulikuwa mzuri. Ningeweza kupita njia nyingine kwenda kupanda basi la Kanyosha, kuna barabara mbili zaidi, lakini nilipita pale kila siku, kwa mwendo ule ule, kwa wiki tatu. Sikuona kwa nini barabara ihame kwa sababu nilisema ukweli kuhusu uzi.

Wiki ya nne nilimtumia ujumbe: Jumamosi saa tisa alasiri, karakana kwangu, njoo na mashahidi unaowataka. Alikuja na wateja wake wawili na mpishi. Madereva waliokuwa wanangoja mafuta walikusanyika, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, wakaanza kuwekeana dau. Kiti nilikuwa nimekining'iniza kwenye mnyororo wa kunyanyulia injini. Mkanda wa kulia ulikuwa umekwisha kufumuliwa. Wa kushoto, wenye mshono wa fundi wa sokoni, ulikuwa haujaguswa. Chini yake niliweka ndoano, na kando mifuko ya simenti, kila mmoja kilo hamsini.

Mfuko wa kwanza ulishika. Wa pili ulishika. Wa tatu ulishika, na mteja mmoja akanyanyua mabawa yake. Nilipoweka wa nne, uzi ulianza kutoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja vijiti chini ya blanketi. Sekunde arobaini na moja baadaye ulikatika na mifuko ikaanguka, vumbi likatufunika wote.

Rafiki yangu alikohoa, akajifuta uso, akasimama mbele ya mifuko na kuihesabu kwa kidole.

"Mine," alisema. "Kilo mia mbili. Dada, mi ni mifuko mine ya simenti?"

Depo nzima ilicheka. Dereva mmoja alisema mifuko miwili kasoro ugali wa leo. Nami nilijua ana haki ya kuuliza. Nilikuwa nimetegemea ungekatika kwenye wa pili.

Sikuficha matokeo. Niliyaandika kwenye daftari mbele yao. Kisha nikageuza kiti, nikakining'iniza ili ndoano ishike mkanda wa bega, ambao mshono wake ni wa kiwandani na ulikuwa umekaa chini ya jua lile lile. Tuliweka mifuko minne, sita, minane. Mnyororo wangu hauruhusu zaidi. Niliiacha mifuko ikining'inia pale kwa muda wa kunywa chai. Hakuna uzi uliosema neno.

"Hii ndiyo ilipaswa kukushika," nilimwambia. "Mutu akisimama, uzito wake ni uzito wake. Akizunguka hewani, akishuka vibaya, akitupwa na upepo, anakuwa wawili, anakuwa watatu. Ungekuwa mifuko mine ile dakika upepo ungependa."

"Lakini siku ile upepo ilikuwa muzuri. Ningeruka."

"Pengine."

"Ningeshuka."

"Pengine ungeshuka, ukanicheka mupaka Bujumbura."

"Basi ulininyima bure."

"Apana."

Alingoja niongeze kitu. Niliongeza. Nilimwambia, na watu wote wakisikia, kwamba sihitaji mtu afe ili mshono mbaya uwe mbaya. Ulikuwa mbaya saa nne na dakika kumi na mbili, ulikuwa mbaya mwaka mzima wakati watu wanashuka salama na kupiga picha, na ungekuwa mbaya hata kama rafiki yangu angetua kama njiwa. Nilimwambia kwamba nikimkuta kesho ukingoni mwa bonde lolote, amefungwa kwa uzi wa shati, nitafumua tena, na akinisukuma nitakaa chini na kusimama tena, na nitafumua na wa kushoto.

Alishika kipande cha mkanda kilichokatika, akakwangua uzi kwa ukucha wake mwenyewe, wenye rangi nyekundu, akautazama unga.

"We una kichwa nguvu," alisema mwishoni. "Tangu zamani."

Nilimpa bahasha. Ndani kulikuwa na dola mia moja na kumi, nauli yake ya angani. Kuruka lilikuwa chaguo lake, na kufumua lilikuwa langu, na la kwangu nalilipa mimi. Alizihesabu bila aibu, akazitia kifuani.

"Na aibu yangu mbele ya watu? Hiyo nani ananirudishia?"

"Hiyo bakia nayo. Wafu hawanaka aibu."

Alinipiga begani, si kwa upole sana, akaondoka na mashahidi wake. Jioni alinitumia mishikaki kupitia mpishi, bila ujumbe, na pilipili nyingi kuliko ninavyopenda. Kuomba radhi hakuomba, nami sikuomba. Wateja wake bado wananyanyua mabawa nikipita, na mimi bado napita.

Kiti kiligharimu mia tatu na hamsini, safari yangu ambayo sikuiruka mia moja na kumi, yake niliyomrudishia mia moja na kumi. Nilipoteza dola mia tano na sabini.